Sahana Eden kwa kamati ya maafa Kigoma: programu nzuri, ila haijui ufunguo wa boti uko kwa nani

Wakuu mwakeye, habari za kazi. Kuna watu watatu wa kamati za maafa, mmoja wa Uvinza na wawili wa Tabora, wamenipigia kwa nyakati tofauti wananiuliza ile programu ya kuorodhesha vifaa vya uokoaji tunayoijaribu huku Kigoma inafaa au haifai, na kila mmoja nimemjibu nusunusu maana simu zenyewe zinakatika, kwahiyo naandika hapa yote kwa mara moja. Inaitwa Sahana Eden. Mi ni fundi kompyuta hapa Mwanga na pia ni mjumbe wa kujitolea kwenye kamati ya maafa ya kata, nimekaa nayo miezi minne, nimeiinstoli mwenyewe, nimeingiza vifaa mwenyewe, nimeona inapofanya kazi na inapokwama.

Nianze na kilichonipeleka huko, la sivyo mtu hataelewa nilikuwa natafuta nini. Mwaka jana msimu wa upepo mtumbwi wa shemeji yangu ulizimika mashine. Walitoka Kibirizi kwenda kwenye dagaa, watu wanne, kipindi cha giza, saa nne usiku akapiga simu akasema mashine imegoma na upepo wa kusini unawasukuma, alafu simu ikazima. Sisi wakati huo tulikuwa na grupu la WhatsApp lenye watu wa karibu kila ofisi inayogusa uokoaji hapa mjini, na tulikuwa na karatasi ya Excel iliyoonyesha wazi kabisa kwamba mji una boti tatu za uokoaji. Tatu. Tukaanza kupiga simu. Ya kwanza imepandishwa nchi kavu, injini imefunguliwa inasubiri spea. Ya pili ni nzima, boti ya faiba ya maana kabisa, ufunguo anao mtu ambaye yuko msibani Kasulu, na bosi wake ambaye ndo mwenye kuruhusu itoke simu yake haipatikani. Ya tatu ufunguo upo, nahodha yupo amekaa tayari na koti lake, mafuta hamna, na anayesaini petroli anaingia ofisini saa moja na nusu asubuhi. Waliokwenda ni wavuvi wenzao, walichangishana madumu palepale mwaloni wakaingia ziwani, wakawakuta alfajiri karibu na Gombe wamelowa, wanatetemeka, mmoja hawezi hata kushika kikombe cha chai. Walikuwa wazima. Dada yangu alikaa mchangani usiku kucha na mtoto mgongoni, na mimi nimeshika simu yenye orodha ya boti tatu.

Na sio sisi tu. Mnaikumbuka ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 43 ndani, 19 wakafa. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilivyoripotiwa kwenye vyombo vya habari mwezi uleule ilisema boti ya uokoaji ilifika baada ya saa kadhaa, na ikawa na upungufu wa mafuta na wa hewa ya wazamiaji. Mi niliposoma vile nilisimama. Maana boti ilikuwepo. Kwenye orodha yoyote ile ingeandikwa ipo.

Kwahiyo swali nililoingia nalo kwenye hii programu ni moja tu, usiku saa nne itaweza kuniambia ni kipi kinachoweza kutoka sasa hivi?

Sahana yenyewe ilizaliwa Sri Lanka, baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Vijana wa kompyuta wa kule walijitolea kuiandika ndani ya siku chache kwa sababu misaada ilikuwa inamiminika, mashirika yamejaa, na hakuna aliyejua nani ana nini na nani anatafuta nani. Jina ni la Kisinhala, maana yake ni kama faraja au nafuu. Ilitumika pia Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Eden ndo toleo lililoandikwa upya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Ni bure kabisa, huru, unaweza kufungua ndani na kubadilisha unachotaka, na hilo ndo lilinivuta kwa sababu kamati ya kata haina fungu la kulipia leseni kila mwezi.

Kuinstoli ni kazi. Nisiwadanganye. Inataka mtu anayeijua Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, na maelekezo niliyokutana nayo mengi ni ya zamani, unafuata hatua ya tano unakuta kitu kilishabadilishwa jina. Ilinichukua wikiendi tatu na bando nyingi. Niliiweka kwenye laptopu moja ya zamani ya dukani kwangu, nikaunganisha na ruta, wenzangu wakawa wanaingia kwa simu zao humohumo chumbani bila intaneti yoyote, na hiyo kwa kweli niliipenda sana, maana siku ya mvua kubwa mtandao huku ndo kitu cha kwanza kuondoka. Ukishaifungua inakumwagia mambo mengi, hospitali, makambi, watu waliopotea, maghala, watumishi wa kujitolea, ramani, ujumbe. Nikazima karibu vyote. Nikabakiza vitu vitatu, taasisi, vifaa, na maombi. Alafu nikatafsiri maneno yake kwa Kiswahili, inaruhusu, na hapo ndo wazee wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, walianza kuja kukaa karibu na skrini.

Sehemu ya maombi ndo inayofanya niseme programu hii imeandikwa na watu walioona maafa kwa macho yao. Inafanya hivi. Mtu anaandika ombi, mfano turubai 40 Katonga, kwa haraka. Taasisi nyingine inaona, inaweka ahadi, labda turubai 25. Ombi halifungwi, linabaki wazi linaonyesha bado 15. Mwingine anaahidi hizo 15. Zikipakiwa kwenye gari zinahama kwenda njiani, zikipokelewa zinahesabiwa kuwa zimefika, na kama zimefika 22 badala ya 25 inaonekana. Inaonekana kitu kidogo lakini kumbuka ilivyokuwa kwenye WhatsApp. Ziwa lilivyopanda kuanzia miaka ya 2020 maji yakaingia majumbani kwa watu wa ufukweni, tulikuwa tunaandika grupuni "turubai zinahitajika", watu ishirini wanajibu "tupo pamoja", alafu ama zinakuja mara mbili sehemu moja ama haziji kabisa kwa sababu kila mtu ameona mwenzake kajibu. Mwezi wa pili wa majaribio tulifanya zoezi, tukajifanya Katonga imejaa maji, ofisi nne zimekaa vyumba tofauti zinawasiliana kupitia programu tu, na ndani ya dakika arobaini kila ofisi ilikuwa inaona hesabu ileile. Mzee mmoja wa mwaloni, ameona mengi huyo, alikuwepo Wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga mwaka 2015 kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba inawabeba kuwaleta mjini, wanalala uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri mabasi ya kambi ya Nyarugusu, aliangalia ile skrini akaniambia, "Mwanangu, siku zile tungekuwa na hiki, tusingegombana juu ya nani kaahidi maji ya kunywa." Nilimjibu shikamoo tu, sikuwa na neno.

Kwa maombi naipa nyota 5.

Sasa vifaa. Hapa ndo tatizo. Unaweza kuingiza boti, ukaipa namba, ukaandika ni ya nani, iko wapi kwenye ramani, hali yake nzima au mbovu, na kila ikihama mkono inaweka kumbukumbu. Safi. Ila ukimaliza kujaza yote hayo umeishia palepale kwenye Excel yetu, boti tatu, mbili zikiwa nzima. Haina sehemu ya kukwambia ufunguo uko kwa nani usiku huu. Haina sehemu ya mafuta yaliyomo sasa hivi. Haina sehemu ya nani anaruhusu itoke na kama yeye hapatikani nani anaruhusu badala yake. Na kwa uzoefu wangu hivyo vitatu ndo vinavyoamua mtu anaokolewa au haokolewi. Nikaongeza mwenyewe, kwa sababu ni huru inaruhusu, nikaweka ufunguo, mafuta kwa lita, mruhusu wa kwanza, mruhusu wa pili, na nikaweka tarehe na saa ya mara ya mwisho mtu kuthibitisha. Kama uthibitisho umezidi saa 24 jina la kifaa linageuka rangi ya kijivu, maana taarifa ya boti ya juzi kwangu mimi sio taarifa.

Kitu kingine nilichojifunza hapo ni kwamba neno boti halitoshi. Tulikuwa na mtumbwi wa mbao wenye injini ndogo na boti ya faiba ya injini mbili zote zimeandikwa "boti ya uokoaji", na siku ya mawimbi moja inatoka na nyingine haitoki. Wamarekani wao hili walilitatua kwa kupanga vifaa kwa aina na kwa uwezo, gari la zimamoto lenye pampu ya nguvu kadhaa na maji lita kadhaa linaingia daraja fulani, kwahiyo jimbo moja likiomba kwa jirani halisemi nileteeni gari, linasema nileteeni gari la daraja hili. Sisi tukakaa na manahodha jioni mbili tukapanga madaraja yetu matatu kwa vitu wanavyoviamini wao, injini ngapi, inabeba watu wangapi waliolala, inaweza kuvuka wakati wa upepo au inaishia ufukweni, ina taa na redio ya mawasiliano au haina. Nawashauri sana mfanye hivyo kabla hata hamjagusa kompyuta. Zile jioni mbili zilitufaa kuliko wikiendi zangu tatu.

Kwenye simu ndogo Sahana ni nzito, kurasa zake ni za kompyuta. Mtendaji akiwa kijijini anataka kuandika haraka ataona tabu. Kwa kazi hiyo KoboToolbox ni bora mara kumi, nayo ni bure, unajaza fomu ukiwa oflaini alafu inajituma ukifika kwenye mtandao, tumeitumia kuhesabu majaketi ya kuokolea kule mialo ya kaskazini na haikutusumbua. Ila Kobo inakusanya tu, haikupi mambo ya ahadi na njiani na kimefika. Sio kitu kimoja.

Ugumu mkubwa kuliko wote haukuwa wa programu. Ofisi zilikuwa zinaogopa kuorodhesha. Kuna ofisi moja ilileta orodha ya vifaa vinne wakati sote tunajua ina zaidi, na nilipokaa na mhusika chemba akasema ukweli wake, kwamba kifaa kikishaonekana kinaombwa, kikiombwa kinatoka, kikitoka kinarudi kibovu au bila mafuta, na anayeulizwa ni yeye. Na mi nilimuelewa kabisa! Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa mpaka kijiji, kwahiyo meza ya kukaa pamoja ipo, lakini meza haijazi tangi la mtu. Sahana inasaidia kidogo, kila taasisi inahariri vya kwake tu na unaweza kuamua nani aone nini. Kilichofungua milango ni karatasi moja ya makubaliano, kurasa mbili tu, inasema anayeomba ndo anayerudisha mafuta, kikiharibika kazini kinatengenezwa na nani, na nahodha anaondoka na boti yake, haikabidhiwi kwa mgeni. Baada ya ile karatasi kusainiwa ile ofisi ikaleta vifaa kumi na moja. Majimbo ya Marekani nayo yana makubaliano ya namna hii ya kusaidiana tangu 1996, na msingi wake ni huohuo, anayeomba msaada analipa gharama, imeandikwa kabla maafa hayajatokea.

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali. Angalieni m-mama. Mama mjamzito ana dharura, unapiga 115 bure, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, kama liko mbali kinampigia dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa kabla, nauli ya njia ile inajulikana, akimfikisha kituo kinathibitisha na hela inaingia kwenye simu yake. Dereva haulizi mafuta nani analipa. Hasubiri mtu asaini. Ndo maana inatembea, na serikali imeitandaza nchi nzima kuanzia 2022. Mi naona huo ndo mfumo mzuri kuliko yote ya kugawana vyombo vya dharura tuliyonayo nchini, na laiti boti zetu zingewekewa utaratibu kama ule, nahodha amesajiliwa, bei ya kwenda Mwamgongo usiku inajulikana, analipwa akirudi, ule usiku wa shemeji hata wavuvi wasingechangishana madumu.

Sasa tunatumiaje kila siku. Mtu akiniuliza laptopu inafunguliwa mara ngapi nitasema mara mbili kwa wiki. Kinachotumika kila siku ni ubao. Niliposoma habari za watu wa zimamoto wa California, ule utaratibu walioujenga baada ya mioto mikubwa ya 1970 ambapo idara nyingi zilikutana na hazielewani, nikakuta mpaka leo wanatumia kadi za karatasi zenye umbo la herufi T, kila aina ya kifaa na rangi yake, zinachomekwa kwenye kishikio ukutani, na kila kifaa kiko kwenye hali moja kati ya tatu, kipo kazini, kipo tayari, au hakifanyi kazi. Nikasema hiki nakiweza mwenyewe. Nikakata manila, fundi seremala akanichongea ubao wenye mianya, tukaupachika kwenye ofisi ya mwaloni Kibirizi. Nyuma ya kila kadi tumeandika ufunguo, mafuta, waruhusu wawili. Kila siku saa kumi na mbili jioni kijana wa zamu anapiga simu kila ofisi, inachukua kama dakika ishirini, anahamisha kadi, anapiga picha ubao na kuituma kwenye lile grupu la zamani. Umeme ukikatika ubao upo. Mtu asiyejua kompyuta anausoma. Jumatano na Jumamosi mi nahamishia kwenye Sahana, kwahiyo tuna historia, na ile historia imeshatuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiona, kwamba boti ya tatu ndani ya miezi minne ilikuwa na kadi ya "tayari" chini ya nusu ya siku zote, na karibu mara zote sababu ni petroli, sio ubovu. Hiyo ripoti tuliipeleka wilayani imechapwa na imepokelewa vizuri, safari hii tuna namba za siku na sio malalamiko.

Kwa vifaa kama ilivyo bila kuibadilisha naipa nyota 2. Ukiongeza vile vitu nilivyoongeza mimi inafika 4. Kama kamati yenu haina mtu wa kompyuta wa kudumu msiianze, anzeni na ubao na ile karatasi ya kurasa mbili, nasema hivi kwa nia njema kabisa, maana programu isiyosasishwa inakupa matumaini ya uongo saa nne usiku na mimi nimeshaishika simu ya namna hiyo.

Wakuu wa Tabora, nyie hamna ziwa lakini jambo ni lilelile. Treni iliyotoka huku kwetu Juni 2022 ikaacha njia pale Malolo, watu wakafa na zaidi ya 100 wakaumia. Fikirieni orodha yenu kwa siku kama ile, magari ya wagonjwa mangapi yana mafuta ya kwenda na kurudi, nani ana mashine ya kukata chuma na nani anaijua, mabasi ya nani yanaweza kubeba majeruhi wa kukaa, damu ipo kiasi gani, na kila kimoja nani anasema ndiyo akiwa amelala nyumbani kwake. Jazeni hiyo nyuma ya kadi. Mkitaka, tafsiri yangu ya Kiswahili na zile sehemu nilizoongeza nimeziweka kwenye flashi, mtu akija Kigoma apite Mwanga nampa bure, na vipimo vya ubao pia.

Ile boti ya faiba sasa ina funguo mbili. Wa pili unaning'inia kwenye msumari chini ya ubao, na waruhusu wawili wa kwenye kadi wote wanakaa mjini. Shemeji alikuja kuuona juzi, akaushika, akaurudisha, akaenda kupakia nyavu. Petroli ndo bado. Tumepata ahadi ya lita 60 zikae mwaloni muda wote, kwenye Sahana zinaonekana njiani tangu wiki iliyopita.